Mzee Asiyeenea Kwenye Diski

Diski ya tano ilipofika asilimia tisini na tisa, mashine ikaitema. Kibandani mwake, Bwana Diski aliiweka juu ya zile nne za kabla yake, akamalizia chai iliyokwishapoa, akamwambia mama mjane aliyemletea kazi hiyo kwamba kosa si la mashine.

Alikuwa ameshajaribu kila kitu. Amepunguza kasi ya kuchoma diski. Amepangusa jicho la mashine kwa pamba. Ametoa hata zile diski za bei mbaya anazowawekea maharusi. Faili lenyewe lilikuwa kipindi cha televisheni kilichorekodiwa na king'amuzi cha nyumbani: marehemu mume wa mama, mchomeleaji vyuma, akihojiwa kuhusu paa la soko jipya. Alipofika "na aliyetuamuru tutumie vyuma vyembamba ni...", mtangazaji alimkata, likaingia tangazo la sabuni. Wiki iliyofuata paa likamwangukia.

"Tatizo, mama, faili linakua," alisema Bwana Diski. "Asubuhi lilikuwa la nusu saa. Sasa ni la saa tatu na ushee. Sabuni ikiisha, mzee anaendelea."

"Huyo ndiye mwenyewe," alisema mama. "Ukimpa salamu anakurudishia hotuba."

"Basi ndiyo maana diski haimtoshi."

"Imtoshe hivyohivyo, mwanangu. Tume ya uchunguzi inapokea diski tu, na kesho inafunga kazi. Wakisema hakuna mwenye kosa, paa litarudishwa vilevile. Na binti yangu ana meza ya nguo chini yake."

Bwana Diski akageuza skrini imwelekee. Marehemu alikuwa kwenye habari za nati, ameng'ang'ania kipaza sauti cha watu.

"Baba watoto," mama alimwita, "fupisha."

"Nilikatwa," alisema marehemu. "Sijamaliza."

"Ulikuwa umebakiza jina moja. Nati zimetoka wapi?"

"Mtu harukii jina tu, mke wangu. Lazima watu waelewe."

"Waliokuelewa umezikwa nao. Taja jina, fundi ana wateja."

Marehemu alikuna kidevu, akaona ni kweli. Akalitaja jina, akaongeza na la ukoo, asije akasingiziwa mtu mwingine. Faili likasinyaa likarudi kuwa la nusu saa, na diski ikachomeka mara moja.

Kesho yake Bwana Diski alifunga kibanda akafuatana na mama hadi kwenye tume, maana mashine za maofisini zina kiburi. Lakini diski ilisoma bila kukwama. Marehemu alifika kwenye jina, akalitaja, kisha akamtazama mwenyekiti wa tume, ambaye jina hilo lilikuwa lake.

"Habari za siku nyingi, mheshimiwa."

"Nzuri, fundi. Pole na yaliyokupata."

"Nimeshapoa."

Mwenyekiti akamwinamia karani, akamwambia aandike kwamba diski haisomi. Karani akaandika, wajumbe wakatia sahihi. Mama alisimama akasema kila mtu humu amesikia. Akajibiwa, kwa adabu zote, kwamba kusikia wamesikia, ila diski haisomi.

Marehemu alikuwa ameshazirudia nati zake. Akaombwa apunguze sauti. Akapunguza, na kikao kikaendelea na maelezo ya mtaalamu wa upepo.