Slaidi ya Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mwalimu aliyeuchora moyo wa binadamu ubaoni akamshinda yeye. Rangi nne, dakika tano, mishipa yote mahali pake, wala hakutazama kitabu. Wanafunzi walimwita Bi Chaki, na jina hilo alilivaa kwa maringo.

Kisha akaja yule binti. Tena si mgeni: alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, wa dawati la mbele, na sasa amerudi mwalimu wa bailojia, kompyuta kwapani. Akatafuta mtandaoni vifaa vya kutengenezea slaidi, vya bure kabisa, na moyo aliouonyesha ukutani ukawa unadunda kweli kweli. Haikupita wiki naye akapewa jina: Bi Slaidi. Bi Chaki akaona wivu, wivu hasa, ule wa kumkosesha mtu hamu ya chai.

Jumanne hiyo mambo yalifika pabaya. Kidato cha nne kilikuwa chake miaka yote, na sasa mkuu wa shule alikuwa amekaa nyuma ya darasa la binti, akitazama somo ili aamue nani akichukue mwakani. Bi Chaki alibaki ofisi ya walimu, ukuta mmoja tu kati yao, akijitia kusahihisha madaftari.

Asubuhi ile binti alikuwa ametuma anwani ya slaidi zake kwenye kundi la walimu: "Karibuni wakubwa zangu, fungueni, ongezeni, rekebisheni mtakavyo." Mtu mkarimu hivi anajitafutia balaa mwenyewe, aliwaza Bi Chaki, akaifungua kwenye simu.

Slaidi ya kwanza, figo. Akafuta. Ya pili, mapafu. Akafuta. Roho ikampoa kidogo. Tuone sasa atafundisha nini. Ya tatu akaibonyeza kabla hajaitazama vizuri, na ilipokuwa inatoweka ndipo akaiona: picha ya ubao, moyo wa chaki wa rangi nne, na maneno chini yake, "Mwalimu wangu aliuchora huu. Sijaona mzuri kuushinda."

Hapo ukuta ukaleta vicheko, kisha sauti arobaini kwa pamoja: "Shikamoo, Bi Chaki!"

Hili hakulijua: kila anayeingia kwenye slaidi hizo, jina lake huonekana kwa wote. Na jina hilo la Bi Chaki mpwa wake ndiye aliyemwekea kwenye simu, kwa utani. Binti alikuwa amezifungua wazi ukutani ili wanafunzi waandike majibu humo humo. Darasa zima, na mkuu, walikuwa wameliona jina lake likitembea, likifuta. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwalimu, mwenzako anafanya nini humo?" Ilikuwa sauti ya mkuu.

"Ananisaidia, mkuu," binti akajibu bila kusita. "Tulipatana azifute, aje achore kwa mkono, kisha tulinganishe."

Mara mlango wa ofisi ukafunguka. Binti alisimama pale na boksi la chaki. "Twende, mwalimu. Wanakusubiri."

"Mwanangu, mimi..."

"Twende kwanza."

Akaenda, akachora. Mshipa mkubwa ukapinda, lakini wanafunzi wakapiga makofi vilevile. Alipogeuka, binti akabonyeza mara moja tu, na slaidi zote tatu zikarudi ukutani. Kumbe angeweza kuzirudisha tangu mwanzo. Hakuwa na haja ya chaki ya mtu. Alidanganya mbele ya mkuu kwa ajili yake tu.

Wivu ukamrudia, mkali kuliko wa asubuhi. Slaidi angejifunza, mpwa wake angemwelekeza. Lakini huku kumfichia mtu aibu yake, binti alifundishwa na nani? Si yeye. Hilo Bi Chaki alilijua fika.