Sifa Aliyoificha Curtis Rautio

Mapema Aprili, ziwa likiwa bado limeganda, Curtis Rautio na binti yake Tuuli waliteremka kwenye chumba cha chini cha kanisa letu hapa mjini Duluth, Marekani, tunapowasaidia watu kujaza ritani za kodi bila malipo. Curtis huendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Aliketi mbele yangu bila kuvua kofia.

"Nimeshajaza mwenyewe," akasema. "Wewe niangalizie tu hesabu, nilipe, niende zangu."

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba sheria ikisomwa kwa makini mara nyingi utakuta imewekwa huruma ndani yake.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Tangu Tuuli azaliwe, baba yake alikuwa akimwekea fedha kwenye mfuko wa akiba ya elimu. Fedha za mfuko huo zikienda shuleni, faida yake haitozwi kodi. Lakini mwaka jana theluji ililibomoa paa la nyumba yao, naye akatoa dola elfu nane kulijenga upya. Kati ya hizo, elfu mbili na mia nne zilikuwa faida. Sasa programu ya kompyuta ilimdai kodi ya faida hiyo na faini juu yake. Jumla ilikaribia dola mia nane.

"Mnazo?" nikauliza.

"Zipo," Tuuli akajibu, haraka mno. Kisha akainamisha macho. "Zilikuwa za kambi ya jiolojia, kiangazi hiki. Mwisho wa kulipia kambi ni kesho."

"Mimi nilitaka kuuza boti," Curtis akaniambia, kama mtu anayejitetea.

"Boti yenyewe inavuja, baba. Nani ataichukua?"

"Kambi itakuwepo mwakani."

"Mwakani nitakuwa nimeshamaliza chuo."

Curtis akatazama kikombe chake. "Basi, siyo mbaya."

Kwetu "siyo mbaya" husemwa juu ya kila kitu, iwe harusi au mguu uliovunjika.

Nilipitia karatasi zao tena. Kitu kimoja kilinisumbua.

"Mzee Rautio, kama hela hizi zilikwenda kwenye paa, ada ya chuo ililipwa kwa fedha zipi?"

Tuuli akamtazama baba yake. Baba akaitazama kahawa.

"Ililipwa," akasema.

"Na nani?"

"Chuo chenyewe."

"Kwa nini?"

Curtis akajikuna shingo. Mtu angedhani nimemuuliza kama amewahi kufungwa. "Walimpa huyu... ufadhili. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Elfu kumi na nne," Tuuli akanong'ona.

Dolores, mwalimu mstaafu anayetugawia kahawa, alisimama na birika mkononi. "Wee Curtis! Kila Jumapili nakaa na wewe benchi moja, unaniambia habari za matairi, na hili hujasema?"

"Sasa niseme nini? Nijisifu?"

"Kwenye kodi, ndiyo," nikamwambia. "Mwanafunzi akipata ufadhili, mnaweza kutoa kwenye mfuko kiasi kisichozidi ufadhili huo bila faini. Mlitoa elfu nane, yeye kapewa elfu kumi na nne. Faini haipo."

Tuuli akashika ukingo wa meza. "Na kodi?"

Niliisoma karatasi iliyotoka kwenye mfuko. Jina lililoandikwa pale halikuwa la Curtis.

"Fedha hizi zilitumwa kwa nani?"

"Kwa Tuuli," akasema Curtis. "Ni zake. Nilimwomba yeye ndipo zikaja kwenye paa. Lakini deni ni langu. Sitambebesha mtoto."

"Hakuna deni, mzee. Aliyepokea ndiye anayeiripoti faida, na yeye kipato chake ni kidogo."

Tulifungua ritani ya Tuuli. Kiangazi kilichopita alifanya kazi kwenye duka la samaki wa moshi, na kila wiki mshahara wake ulikatwa kodi. Nikaiingiza faida, nikaandika kwamba faini imeondolewa kwa sababu ya ufadhili, kisha nikaigeuza kompyuta waione wenyewe. Kodi aliyokwisha kukatwa ilitosha, ikabaki.

Serikali kuu ilitakiwa kumrudishia dola hamsini na nane.

Tuuli alicheka huku akilia. Alitoa simu palepale, akalipia kambi mezani kwangu.

"Sasa simama useme," Dolores akamwamuru Curtis. "Watu wote wanasikiliza."

Kweli walikuwa wanasikiliza, meza zote. Curtis alivua kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Binti yangu amepata ufadhili," akasema. "Wa ada yote."

Chumba kizima kikapiga makofi, na mzee mmoja nyuma akagonga meza kwa ngumi.

"Na wewe unaonaje?" Dolores akamsukuma.

"Siyo..." Akasita. Akamtazama binti yake. "Ni vizuri sana," akasema. "Ni vizuri sana."