Mshumaa wa Zeri ya Mallinder

Mshumaa uliowashwa dirishani mwa duka la dawa la Bwana Eccles ulikuwa mnene kama paja la mtu mzima, na wiki ile hakuna mtu wa Thornshaw aliyepita pale bila kusimama. Pembeni yake iliwekwa cherehani mpya, nyeusi, yenye maua ya dhahabu, na nyuma yake zikapangwa chupa za Zeri ya Kifua ya Daktari Mallinder. Kila aliyenunua chupa alipewa kikaratasi aandike siku na saa anayodhani mshumaa utazimika. Atakayekaribia zaidi, cherehani ni yake.

Hester Ogden aliitamani cherehani ile hadi akawa anaiota. Alikuwa mfumaji kiwandani tangu utotoni, na vumbi la pamba lililomharibu kifua dada yake, Annis, lilikuwa limeanza kumkwaruza na yeye. Akiwa na cherehani angeshona nyumbani. Basi akanunua chupa, akanunua na nyingine, na kwa kuwa roho ilimuuma kumwaga kitu alichokilipia, Annis akawa anakunywa.

"Hii kitu kweli inalaza," Annis alisema. "Nilikuwa nabweka kama mbwa mzee. Sasa nikilamba kijiko tu, nazama."

"Na mchana unazama pia, dada. Jana uji umeungua na wewe umekaa mbele yake unautazama."

"Uji ni uji tu, mdogo wangu. Niletee nyingine."

Mshumaa ulizimika Ijumaa, wakati kiwanda kinawaachia watu wakale. Hester alikuwa ameandika saa hiyohiyo, si kwa hesabu yoyote, ila kwa kuwa ndiyo saa ya mchana aliyoipenda.

Kesho yake alasiri, kabla ya kumkabidhi cherehani aliyoshinda, wakala wa Zeri, Bwana Pritchard, aliweka kreti mbele ya duka na kumvuta Hester kando. "Panda hapa, Bi Hester, useme kwamba Zeri imemponya dada yako. Basi."

"Hajapona, bwana."

"Si analala?"

"Kulala analala."

Annis, aliyejitanda shali hadi puani, akamsogelea mdogo wake. "Sema nimepona. Kifua ni changu, na nimekupa ruhusa. Chukua kitu chako twende nyumbani."

Hester akapanda. "Hester!" mzee mmoja akapaza sauti. "Ukishajua kushona, anza na mdomo wa mke wangu!" Watu wakaangua kicheko. Hester alingoja wanyamaze.

"Dada yangu sasa analala," alisema. "Lakini bado anakohoa. Na asipoipata asubuhi, anatetemeka. Sijui kama hiyo ndiyo kupona."

Watu wakatazamana. Bwana Pritchard akawahi kupiga makofi. "Analala! Mmesikia wenyewe, analala!" Na makofi yakaenea, na chupa zikanunuliwa. Gazeti la wiki iliyofuata likaandika kwa herufi kubwa: DADA YANGU SASA ANALALA, ASEMA BI HESTER OGDEN. Mengine yote hayakuwamo. Hester alilisoma, akalikunja, akaketi kushona. Alijiambia kwamba yeye alisema kweli.

Halafu siku moja jirani yake, Lettie Haworth, akaingia na mtoto wake mchanga. "Nimekuja kukushukuru, mwenzangu. Meno yalikuwa yanamliza huyu mpaka nikataka kukimbia nyumba. Nikasema, kama Hester ameisifu, nami nimpe. Ona alivyotulia."

Hester akamtazama. Midomo ya mtoto ilikuwa imeingia ubuluu, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Huyu hajatulia, Lettie. Inuka! Twende kwa daktari!"

"Si wewe uliyesema?"

"Nilisema na mengine. Twende!"

Daktari alimnusa mtoto mdomoni, akatamka neno moja: kasumba. Zeri ilikuwa na afyuni. Wakashinda wakitembea naye ukumbini, wakimtekenya nyayo, wakimpangusa uso kwa maji baridi, wakimwita jina. Jioni akalia kwa nguvu, na mama yake akakaa sakafuni akalia naye. Lettie hakumlaumu Hester. Ila akawa anazunguka njia nyingine, asipite mlangoni pake.

Tangu hapo Hester alisimama mlangoni kwa Eccles kila Jumamosi, akimwambia kila aingiaye kilichomo ndani ya chupa. Bwana Eccles alitoka kwa hasira. "Unaniharibia biashara, na zawadi ulipokea!"

"Nilipokea," Hester alijibu. Kisha akamgeukia mteja aliyefuata.

Kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Alimpunguzia Annis kijiko kidogo kidogo, kama daktari alivyomwelekeza, na Annis akamtukana, akamrushia kikombe, akalia kama mtoto.

"Ulininywesha kwa mkono wako mwenyewe!"

"Ndiyo, dada."

"Usiniitikie hivyo! Nigombeze basi!"

Hester hakumgombeza. Usiku mmoja wa mvua, kikohozi kilipomrudia Annis kwa ukali wake wa zamani, alimwinua, akamwegemeza kifuani pake, akamsugua mgongo. Kilipopoa, Annis alibaki pale pale, macho wazi, akiuliza kama mvua imekatika.