Geti la Saa Sita

Shati jeupe la mwenyekiti lilikuja kila Jumatatu, limeviringishwa kwenye gazeti, na kila Jumatatu dobi alilifungua akalinusa kwanza, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Kisha alilifua. Alilifua vizuri, hakuna atakayesema vinginevyo. Kola aliisugua kwa sabuni ya mche, akalisuuza shati maji mawili, akatia bluu kidogo kwenye maji ya mwisho, akalianika kivulini lisigeuke manjano. Ila likifika suala la wanga, mkono wake ulikuwa mzito. Wateja wengine aliwawekea wanga wa kijiko. Mwenyekiti alimwekea wa bakuli.

"Wifi, hilo ni shati au bati?" aliuliza dada wa marehemu mumewe, akiligonga kwa ukucha likalia ko, ko.

"Shati."

"Litamchinja shingo."

"Basi likate taratibu. Sina haraka naye."

Wifi alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Alikuwa amehamia kwa dobi baada ya msiba. Kazi yake ilikuwa kupuliza mkaa wa pasi na kuyasema yale ambayo watu wengine waliyameza.

Na yaliyomezwa mtaani pale yalikuwa mengi, yote yakihusu geti. Mtaa ule ulikuwa na mlango mmoja tu wa kupitisha gari. Upande wa pili palikuwa na kichochoro chembamba kando ya mtaro, mahali ambapo watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Zamani wezi walikuwa wakiingia mchana watu wamejinyoosha, wanakusanya nguo kwenye kamba wanaondoka nazo. Ndipo mwenyekiti wa mtaa alipoleta wazo la geti. Lifungwe saa sita mchana, lifunguliwe saa kumi, ufunguo akae nao yeye. Siku ile kwenye mkutano dobi alipiga makofi kuliko wote, kwa sababu kamba zilizokuwa zikiibiwa zaidi ni zake.

Hilo la makofi alilikumbuka kila akinyoosha kola ile.

Mumewe na mwenyekiti walikuwa marafiki wa kucheza drafti. Jioni ilikuwa haiishi bila kubishana juu ya kete iliyosogezwa kwa hila, na mwenyekiti alimwita dobi shemeji, tena kwa mapenzi. Siku mumewe aliposhikwa na kifua, jua lilikuwa utosini. Gari likapatikana, likaja likasimama nje ya geti, likapiga honi. Dobi alikimbia hadi nyumba ya mwenyekiti, iliyotazamana na geti, akagonga dirisha kwa viganja vyote viwili.

"Shemeji, fungua! Mwenzio anakata roho!"

Pazia halikufunuliwa. Sauti ilitoka nyuma yake, nzito, ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Geti ni saa kumi, shemeji. Nikikufungulia wewe, kesho nitamfungulia nani? Kanuni ni kanuni."

Walimbeba juu ya meza ya pasi, kulifuata gari kupitia kichochoro. Ilikuwa meza ndefu, nyembamba, imevishwa blanketi na shuka iliyoungua hapa na pale, na ndicho kitu pekee mle ndani chenye urefu wa mwanamume na upana wa kichochoro. Jirani yao fundi viatu alishika mbele, wifi na dobi wakashika nyuma. Kwenye kona ya mtaro walilazimika kuinamisha meza upande, na dobi akamkumbatia mumewe asidondoke. Pale pale kwenye kona alimsikia akivuta pumzi, akangoja aitoe. Haikutoka.

Mtaa mzima ulijua habari ya meza ile, isipokuwa mwenyekiti. Yeye alikuja msibani, akakaa kiti cha mbele, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Hakuna aliyemwambia kitu. Mwenye ufunguo haambiwi kila jambo.

Dobi aliisugua meza, akaibadilisha shuka, akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakumwita tena shemeji. Alimwita mwenyekiti, na mwenyekiti akadhani ni heshima.

Siku moja alipeleka mapazia yaliyofuliwa kwenye ofisi ya mtaa. Karani alikuwa binti mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Dobi akiwa juu ya kiti anatundika, akauliza bila kugeuka, "Mwanangu, geti likishawekwa, linaondolewaje?"

"Wakazi wanaomba kura, mama."

"Wanamwomba mwenyekiti?"

"Hapana. Hapo hana sauti. Mkipatikana mmoja kati ya kila watu wazima watano, mkaweka sahihi chini ya swali moja, mimi nahakiki, swali linabandikwa ubaoni wiki mbili, halafu mtaa unapiga kura. Mwenyekiti lazima aitishe mkutano. Tena ndiye anayesoma swali mbele ya watu. Kanuni inasema hivyo."

Dobi alishuka kitini polepole. "Rudia hapo mwisho."

"Ndiye anayesoma swali."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama. Kanuni ni kanuni."

Binti wa watu hakujua kwa nini yule mama alimshika mkono akaubusu.

Jioni ile dobi aliandika swali lake kwa penseli, taratibu, herufi zimesimama wima kama alivyofundishwa shule ya msingi. *Je, mnakubali geti lililomuua mume wangu kwa roho mbaya ya mtu aliyekuwa akila kwangu liendelee kuwepo?* Karani alilisoma mara mbili, akavua miwani.

"Mama, hili limebeba jibu tumboni. Swali haliwezi kumhukumu mtu. Liwe juu ya kitu, na lijibiwe ndiyo au hapana."

Walikata. Kila neno lililotoka dobi alilisindikiza kwa macho kama anayemsindikiza mgeni. Mwisho likabaki: *Je, geti la mtaa liachwe wazi mchana na usiku?*

"Limekonda," dobi alisema.

"Likikonda ndiyo linapita," karani akajibu.

Dobi akaanza kazi. Alikusanya sahihi akirudisha nguo nyumba hadi nyumba, karatasi ameificha kati ya shuka zilizokunjwa. Waliojua kuandika waliandika. Wasiojua, na walikuwa wengi, aliwapaka bluu ya kufulia kwenye dole gumba wakagonga. Fundi viatu aligonga mara mbili, wifi akamkaripia kwamba hiyo si soli.

Karatasi ilipojaa, dobi alivaa gauni lake la harusini akaipeleka ofisini. Karani alilowanisha pamba, akagusa dole la kwanza. Likayeyuka. Akagusa la pili. Kukabaki tone la maji, safi.

"Mama, alama lazima idumu. Hizi zote zinafutika."

Dobi alitazama ile pamba, ikigeuka rangi ya mbingu. Miaka yote alijua kwamba bluu hupita kwenye nguo na kwenda zake. Aliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Mkono wake ulikuwa umezoea kuogopa doa.

"Umekaa na madoa miaka yote hiyo unayafukuza," wifi alimwambia njiani. "Leo unalitaka moja, limekukimbia!"

Dobi hakucheka. Mbaya zaidi, habari ilikuwa imevuja. Mwenyekiti alipita nyumba hadi nyumba jioni, akiwaambia watu kwamba anayetaka kura anawataka wezi, na kwamba wakija kwake kutaka barua ya utambulisho atakumbuka majina. Dobi alipozunguka mara ya pili, alikuta watu wana mafua, wana wageni, wana vyungu jikoni vinavyoungua.

"Nina dawa," wifi alisema. "Nguo zao tunazo. Wasaini ndiyo wavae."

Kwa dakika nzima dobi alikunja taulo moja, akaikunjua, akaikunja. Lilikuwa wazo tamu. Alimwona kabisa mke wa fundi seremala akienda kanisani na kanga ya juzi.

"Karani kasema sahihi ya kulazimishwa haihesabiwi," akasema mwishowe. "Sitaki ashinde kwa uchafu wangu. Nataka ashindwe kwa usafi, akose pa kushika."

Kesho yake saa sita, mwenyekiti alipofunga geti na kwenda kulala, dobi na wifi waliitoa meza ya pasi kupitia kichochoro, wakaisimamisha nje ya geti, juani. Juu yake waliweka karatasi mpya, kalamu, na kidau cha wino wa mhuri ulionunuliwa dukani. Wakakaa.

Watu wakaanza kurudi. Akaja mama mwenye gunia la mkaa kichwani, akasukuma geti, akasonya. Wakaja watoto wa shule na mama zao, walioogopa kuwapitisha kando ya mtaro. Akaja mke wa seremala na ndoo mbili za maji, na kichochoro hakipitishi ndoo mbili. Akaja mwenye mkokoteni wa matofali. Wote wakasimama, jua likiwachoma, wakitazama kufuli.

"Karibuni," dobi alisema, mpole kama anayeuza maandazi. "Mnangoja saa kumi? Hapa pana karatasi ya kupitishia muda."

Mke wa seremala aliitazama karatasi, akaitazama meza. Aliitambua. Aliweka ndoo chini, akachovya dole kwenye wino, akagonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Pazia la mwenyekiti likasogea. Kwa mara ya kwanza saa za kulala, likasogea. Wifi alimpungia mkono.

"Mwenyekiti! Njoo utufungulie, watu wanakusanyika huku!"

Angefungua, wangetawanyika kila mtu na zake. Lakini angefungua vipi saa saba? Alikaa nyuma ya pazia lake, anawatazama. Siku ya pili walikuwa wengi kuliko ya kwanza, na wengine, dobi aliapa, walichelewa kurudi makusudi. Kila siku mwenyekiti mwenyewe alifunga kufuli saa sita kamili, akamkusanyia dobi watu wake.

Karani alizisugua alama kwa pamba iliyolowa. Hazikutoka. Akabandika swali ubaoni.

Siku ya mkutano dobi mwenyewe alimpelekea mwenyekiti shati lake, mkononi. Kwenye kola alikuwa ametia wanga bakuli mbili. Mwenyekiti alisimama mbele ya mtaa mzima, shingo imenyooka kama ya mtu anayepigwa picha, hawezi kuinama kutazama karatasi. Ikabidi aiinue juu ya pua.

"Je," akasoma, akakohoa. "Je, geti la mtaa..."

"Hatusikii huku nyuma!" wifi akapaza sauti.

"Geti la mtaa liachwe wazi mchana na usiku?"

"Mara moja tena, mwenyekiti," dobi alisema kutoka kiti cha mbele, kama kile alichokalia mwenyekiti msibani. "Wazee hawajasikia."

Alilisoma tena. Jasho lililainisha kola upande mmoja ikajikunja, upande wa pili ikabaki wima. Watu walipiga kura kwa vikaratasi, wakavitumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa, na karani akavihesabu mbele ya wote. Za ndiyo zilijaa meza. Za hapana zilitosha kwenye kiganja chake, na hakikuwa kiganja kikubwa.

Mwenyekiti alimnyooshea dobi ufunguo. "Haya. Umeshinda. Chukua ukafungue."

"Mwenye ufunguo ni wewe. Tutakusindikiza."

Wakamsindikiza, mtaa mzima. Ufunguo uligonga kufuli mara kadhaa kabla ya kuingia. Hakuna aliyemsaidia.

Jumatatu iliyofuata shati halikuja kwenye gazeti. Lilikuja na mwenyewe. Alisimama mlangoni saa saba mchana, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema. "Yaliyopita tuyaache. Mimi nilisimamia kanuni tu. Nina kikao jioni, nilikuwa naomba uninyooshee shati."

Wifi aliacha kupuliza mkaa. Dobi akasogea kando. "Ingia. Hujawahi kuingia humu tangu msiba. Leta."

Aliingia. Dobi alililaza shati mezani kifudifudi, akalinyunyizia maji kwa vidole, akashika pasi. Hakuishusha.

"Unaijua meza hii?"

"Si meza ya pasi?"

"Tulimbebea hapa mwenzio, siku ile geti lilikuwa saa kumi. Kichwa kilikuwa huku, kwenye kola. Alikata roho pale kona ya mtaro, tumeiinamisha. Mtaa wote unajua." Alipitisha kiganja juu ya mgongo wa shati, taratibu, kuondoa mikunjo. "Kila shati ulilovaa tangu siku ile, mwenyekiti, limelala alipolala. Nilikunyooshea mimi mwenyewe. Umekaa nalo vikaoni, umetokwa jasho ndani yake."

Mwenyekiti alitazama shati, mikono yake imetandazwa pande mbili za meza, na wanga wa siku ya mkutano bado umeishikilia kola. Alirudi nyuma hatua moja, akajigonga kwenye ndoo, akatoka. Walimsikia akipita getini, miguu ikienda mbio kama ya mtu anayefukuzwa, na geti likiwa wazi.

"Kaacha shati," wifi alisema.

Dobi alishusha pasi. Alilinyoosha lote, mbele na nyuma, akatia mkunjo kwenye mikono kama kawaida yake. Kisha akalitundika kwenye msumari ulio mkabala na mlango, mahali ambapo kila apitaye barabarani angeliona, na pale ambapo mwenye nalo angeliona zaidi.

"Litakaa mpaka lini?" wifi aliuliza.

"Mpaka alifuate."