Ubao Nyuma ya Mlango

Mulumba alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango wa mbele, misumari mdomoni, akichora shoka. Wala hakuwa mchoraji. Alililaza shoka lenyewe juu ya ubao, akalizungushia penseli, kisha akaufuata mstari kwa brashi na rangi nyekundu mpaka umbo la shoka likabaki pale hata shoka likiondolewa. Ndivyo alivyofundishwa mgodini. Kazi yake huko ilikuwa kutunza mbao za moto. Kila karakana ilikuwa na ubao wake, na kila ubao ulikuwa na shoka, ndoo ya mchanga na beleshi, na kila chombo kimechorewa mahali pake, ili mtu akija mbio na moshi machoni, mkono wake ujue wenyewe pa kushika.

Sasa alikuwa akitengeneza ubao wa nyumbani kwake. Shoka. Panga. Rungu la mti mgumu. Tochi na filimbi ya bati. Na chini kabisa, juu ya kijirafu, kopo la maziwa ya unga ambalo ndani halikuwa na maziwa, bali pilipili kavu iliyotwangwa ikachanganywa na majivu, ya kumrushia mtu machoni.

"Mutu gani?" aliuliza Tshiela, mkewe, aliyekuwa akichambua maharage kizingitini.

"Ule atakuya."

"Na ni nani njo atakuya?"

"Mi najua?" alisema Mulumba, na misumari ikamtoka mdomoni.

Hapo ndipo palipokuwa na shida, na Mulumba aliijua vizuri kuliko mkewe. Mgodini moto ni moto, hauna kabila wala chama. Lakini huku kwenye kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miezi ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, kila mtu alikuwa na adui wake wa kukutajia. Habari za Kasai zilikuja na treni: Waluba na Walulua, watu waliooana na kuzikana, sasa wanachomeana nyumba. Walulua wenyewe pale Kolwezi walikuwa wachache, tena wapole. Basi Ngeleka, mwuza vitambaa wa sokoni Manika, Mluba wa Kasai kama yeye, ambaye hakukosa jibu hata siku moja, akamwambia: "Hapa kwetu itakuwa bale batu ya Katanga. Banataka turudiye kwetu." Kwetu wapi? Mulumba alizaliwa kambini, baba yake aliletwa kuchimba shaba. Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu.

Tena jirani yake Banza, waliyegawana naye ukuta mmoja, alikuwa mtu wa Katanga ya kaskazini, naye pia ni Mluba. Mluba wa huko, si wa Kasai, lakini Mluba. Je, huyo amwogope? Ngeleka alicheka kwa pua. "Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," alisema, akakunja kitambaa chake. Siku ile Mulumba alirudi nyumbani na kichwa kinamwuma.

"Tata Mulumba," ilisema sauti ya Banza ng'ambo ya ukuta, "tangu asubui unagongagonga nini?"

Nyundo ilisimama hewani. Tshiela akainua macho kutoka kwenye maharage.

"Etajere," alisema Mulumba, yaani rafu ya ukutani. "Etajere ya masahani."

"Aa. Ni muzuri. Ukimaliza utanikopesha ile nyundo."

"Hii yangu imepasuka mupini," alisema Mulumba.

Mpini ulikuwa mzima. Hajawahi kumnyima Banza kitu, wala Banza hajawahi kumnyima yeye. Mwaka Tshiela alipougua, ni Mado, mke wa Banza, aliyekuwa akipika kwa nyumba zote mbili. Mulumba aliona haya, akapigilia msumari uliofuata kwa upole, kama mtu anayeiba.

Siku chache baadaye Banza naye akaanza kugonga. Alikuwa amepata nyundo kwingine. Aligonga jioni akitoka kazini, na kesho yake akagonga tena. Mulumba, aliyekuwa akijitayarisha kwenda poste, zamu yake ya usiku mgodini, alisimama kiatu kimoja mguuni akisikiliza.

"Anatengeneza nini?" alinong'ona.

"Muulize," alisema Tshiela.

Hakumuuliza. Angemuulizaje mtu ambaye yeye mwenyewe alimdanganya? Kama yeye ana ubao, kwa nini mwenzake asiwe na wake? Akamkataza Tshiela kwenda kule upande wa pili mpaka mambo yaeleweke. Tshiela akamtazama, asiseme ndiyo, asiseme hapana. Mado wakati huo alikuwa na mimba kubwa hata hawezi kufunga kamba za viatu vyake.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa Tshimanga, kaka yake Tshiela: mama amepandishwa treni, mumpokee.

Mama Mbombo alifika akiwa na kitambaa alichojifunga na kingine alichokopeshwa na abiria mwenzake baada ya kupita stesheni ya Tenke. Basi. Nyumba yake huko Kasai iliungua mchana kweupe. Hakulia. Alikaa sebuleni, akala kidogo, akamweleza binti yake kwa Kiluba cha kwao, na Mulumba akasikiliza akiwa chumbani, mgongo kwenye pazia, kwa sababu ndivyo adabu ya ukwe inavyotaka. Kwao mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini. Na kuingia mahali mama mkwe amelala, hilo halisemwi hata kwa mzaha.

"Walikuja wakipiga mabeseni," Mbombo alisema. "Nyuso wamejipaka nyeupe. Tuliwasikia mbali, tukadhani ni sherehe."

Sasa nyumba ya kambi ina vyumba viwili. Mama hawezi kulala chumba kimoja na mkwewe, kwa hiyo atalala sebuleni, na sebuleni ndiko kulikokuwa na mlango, na nyuma ya mlango ndiko kulikokuwa na ubao. Mulumba alilitambua jambo hili mkeka ulipokwisha kutandikwa. Alikuwa amejenga kitu cha kushikwa kwa haraka kuliko vyote vya mgodini, na kati yake na kitu hicho alikuwa amelala mama mkwe.

"Mwambie mama nitauhamisha ubao," alimwambia mkewe.

Jibu lilirudi kupitia pazia, Tshiela akilibeba neno kwa neno: "Mwambie mume wako auache. Kule sikuwa na hata kitu cha kushika mkononi."

Ukaachwa. Mama Mbombo akaupangusa vumbi kila asubuhi.

Wiki ile Mado alikwenda hospitali ya kambi kujifungua. Mulumba alijua hilo tu. Yeye alikuwa akirudi alfajiri, mama mkwe akimpisha kwa mlango wa nyuma, na kulala mchana, Banza alikuwa akifanya kazi mchana, na hata walipopishana njiani walisalimiana kwa kuinua kofia tu. Tshiela alijua zaidi. Alikuwa akienda hospitali kila alipoaga kwamba anaenda sokoni. Hakumwambia mumewe, maana alikatazwa, wala hakumwambia mama yake, maana mama yule hakujua kuficha neno.

Siku yenyewe Mulumba alilala kama gogo. Jua lilikuwa la utosi. Tshiela alikuwa "sokoni", na mama Mbombo amejinyoosha sebuleni akisinzia kwa joto.

Kwanza yalikuwa mabeseni.

Mulumba aliyasikia ndani ya usingizi, akayaona pia: mabeseni meupe yenye miguu, yakishuka barabara ya kambi. Kisha sauti za watu, nyingi, wanawake kwa wanaume, zikikaribia. Na zilikuwa zikitukana. Matusi mazito, ya nguoni, ambayo mtu mzima hayatamki mbele ya watoto. Akafungua macho. Mabeseni yaliendelea. Mtu alipiga kelele kwa Kiluba cha Katanga: "Tokeni! Tokeni tuwaone!" Miguu ikapita chini ya dirisha.

Ndio hao, aliwaza. Na bado hakujua ni akina nani.

Aliruka kitandani, akafika kwenye pazia, akalishika. Hapo mkono ukagoma. Ng'ambo alisikia mkeka ukikwaruza sakafu. Mama yuko pale, labda amelala, labda kitambaa kimemtoka. Ubao uko hatua chache mbele, umbo jekundu la shoka lingemwongoza hata gizani, na yeye anasimama kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. Aliona aibu kwa kusimama, na aliona aibu kwa kutaka kwenda. Aligeuza uso ukutani, akauambia ukuta, kwa kuwa mkwe hasemeshwi: "Kama kuna mtu humo ndani, avae, kisha atoke nyuma."

Alisikia kifuniko cha kopo kikifunguka.

"Tata Mulumba!" mtu aliita mlangoni, akausukuma mlango.

Kilichofuata kilikuwa yowe moja, la mwanamume, na kitu kizito kikaanguka. Mulumba aliling'oa pazia akaingia. Mama Mbombo alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, kopo tupu mkononi. Chini, kizingitini, alikuwa ameanguka mtu aliyepakwa uso mzima udongo mweupe wa pemba, kilemba cha majani kichwani, akijisugua macho kwa ngumi zote mbili na kuita mama yake. Nyuma yake watu walikuwa wamesimama na mabeseni mikononi, vinywa wazi.

Alikuwa Banza.

Na nyuma ya Banza alikuwa Mado, ameshikwa mkono na Tshiela, na mbele ya Mado wanawake wawili wamebeba vifurushi viwili.

Mapasa. Mado ametoka hospitali na mapasa, watoto pacha, na mapasa hawaingii nyumbani kimyakimya. Kwa Banza ni hivyo, na kwa Mulumba ni hivyohivyo. Wanaletwa kwa kelele, na wazazi wao wanatukanwa mpaka watu wachoke, na baba anapakwa pemba, na jirani wa kwanza anaitwa atoke aje atukane pamoja na wengine. Yeye mwenyewe aliimba matusi hayo udogoni, akapigwa kofi kesho yake alipoyarudia. Kule kugonga kwa jioni mbili kulikuwa kitanda cha pili cha mtoto, maana mkunga alikwisha kubashiri wawili.

"Maji," alisema mtu.

"Maji itazidisha," alisema Mado. Alisogea polepole, mwendo wa mwanamke aliyejifungua juzi, akaketi palepale kizingitini, akakivuta kichwa cha mumewe mapajani. "Shikeni batoto."

Wale wanawake wawili waliinama wamsaidie kumzuia Banza mikono, na kwa haraka ile kila mmoja alimpa kifurushi chake aliyekuwa karibu. Kimoja kikaangukia mikononi mwa mama Mbombo. Cha pili kikapewa Mulumba. Wakasimama bega kwa bega, mkwe na mama mkwe, chumba kimoja, mchana mweupe, macho ya kambi nzima juu yao, kila mmoja akitazama upande wake.

Mado alifungua blauzi, akamkamulia mumewe maziwa ndani ya macho, jicho hili, kisha lile, kama wanavyofanya wanawake pale watoto wao wanapoingiwa na pilipili. Banza aliguna. Kijana mmoja nyuma alinong'ona, "Ni Mukasai njo amemufanya vile," na neno hilo likapita kwa watu, na Mulumba akaliona likipita, uso kwa uso. Ngeleka angesema, nilikuambia. Lakini Ngeleka alikuwa sokoni.

"Ni nani alinimwangia?" Banza aliuliza, macho ameyafumba.

Mama Mbombo hakujua Kiswahili, lakini swali hilo halihitaji lugha. Mulumba alihisi bega la mama mkwe likinywea kando ya lake.

"Ni miye," alisema Mulumba.

Tshiela aliinamisha kichwa. Aliona kopo lilikokuwa, kila mtu aliliona, kwenye mkono uliobeba mtoto.

Banza alilazimisha jicho moja kufunguka. Lilikuwa jekundu, limejaa maziwa na machozi, na lilizunguka chumbani likitafuta: dari, mkeka, miguu ya mama mzee, Mulumba. Halafu mlango uliokuwa umefunguliwa ukajirudia kidogo kwa upepo, na kilichokuwa nyuma yake kikaonekana. Shoka, panga, rungu, kila kimoja mahali pake, rangi imekolezwa vizuri.

"Tata Mulumba," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana ilimchoma zaidi. "Bile bitu byote ulibiwekea nani?"

Mulumba alifungua kinywa. Alitafuta jina, jina lolote, la mtu, la chama, la kabila, angalau moja aliloambiwa sokoni ambalo lingetamkika mbele ya Banza. Mikononi mwake mtoto alijinyoosha, macho bado hayajafunguka, akageuza uso kwenye shati lake na kuanza kutafuta maziwa kwa mdomo, akitafuta huku, akitafuta kule, kwa subira.