Kifungu cha Sita cha Mzee Zacharia

Mzee Zacharia hakuwa na meno ya nyuma, hakuwa na gari, hakuwa na cheti chochote zaidi ya kile cha gumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima, na hakuwa na subira kwa mtu anayetaja katiba bila kuisoma. Tangu Desemba hakuwa na ploti pia, ila hilo alikuwa hajalitafakari. Alichokuwa nacho ni kifungu cha sita.

Alikiandika mwenyewe, wakati vyama vitatu vya wakaazi, Kiganjo, Kiuu na Membley, vilipoungana kuwa shirikisho: "Mpiga kura atakuwa mwenye hati ya ploti, na si mwingine." Hilo "na si mwingine" alilipenda mno. Alilisoma kwa sauti akinyoa ndevu.

Sasa wapangaji walitaka kila mtu mzima anayeishi mtaani apige kura. Chanzo kilikuwa geti. Wenye ploti wa Kiganjo waliamua lifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, na Ndunge, mama mpangaji anayeuza mboga, alihitaji kuwa sokoni saa kumi alfajiri. Akifika, amebakiziwa nyanya zilizopondeka. Biashara yake ilikuwa inakufa.

Ili kifungu kibadilike, matawi mawili yalipaswa kukubali, na barua zao zifike makao ya shirikisho, Ruiru, kabla ya Jumamosi. Kiuu ilikubali. Membley ilikataa. Ikabaki Kiganjo.

Walikutana katika ukumbi wa kanisa. Wenye hati walikaa vitini, wapangaji wakasikilizia dirishani. Kura zikalingana. Zacharia akasimama, akafunga vifungo vya koti, maana yeye ndiye mwenyekiti wa tawi, na kura yake ndiyo ingeamua.

"Kwa mujibu wa kifungu cha sita," akaanza.

"Samahani, mzee," Ndunge akasema kutoka dirishani. "Hati yako iko wapi?"

"Yangu?"

"Si Desemba ulimwandikia Wanja ploti yote? Tulikula mbuzi. Ukasema kwa spika hujajibakishia hata pa kuweka kiti."

Mtu akakohoa bila kuwa na homa. Zacharia aliyakumbuka maneno yale vizuri, kwa kuwa aliyafanyia mazoezi. Alijisifu kuwa mzee wa kisasa, anayemrithisha bintiye wa pekee angali hai, wapwa wasije wakapigania ploti matangani. Hakujua kwamba siku ile alikuwa anajifukuza kwenye katiba yake.

"Basi kura ya boma lile ni ya nani?" aliuliza Njau, karani wa tawi, kwa upole uliouma kuliko matusi.

"Ya Wanja," Ndunge akajibu. "Huyu hapa, tumebanana naye."

Baba yake hakuwa amefikiria kumwita ndani. Wanja akaingia, akapangusa viatu, akainua mkono kukubali. Kisha akamwangalia baba yake aliyekuwa bado amesimama.

"Pole, baba. Dirishani nimekuachia nafasi."

Hata watu wa kanisa waliowaazima ukumbi walicheka.

Ikabaki barua. Mwandiko wa Njau ulimshinda hata Njau mwenyewe kuusoma, kwa hiyo wakamwomba Zacharia. Kesho yake alikaa mezani akaandika aya tatu nzito za kupinga kura ile. Akafungua katiba atafute kifungu cha kuegemea. Cha saba kilisema pingamizi litatolewa na mwenye hati, na si mwingine. Akakisoma mara ya pili. Mwandishi wake alikuwa mtu makini sana, shida ilikuwa hiyo.

Akachana karatasi.

"Chai, baba," Wanja akasema. "Bado unaandika?"

"Mambo ya katiba hayaandikwi kama risiti."

Akaandika: "Tawi la Kiganjo limekubali kwamba kila mtu mzima anayeishi humu atapiga kura." Akatafakari, akaongeza, "wakiwemo wazee." Ilionekana kama anaomba, lakini alikuwa ameshaandika kwa wino.

Nje, Ndunge alikuwa akipanga na kupangua nyanya zilezile, macho kwa Mwas wa bodaboda aliyengoja getini. Zacharia akailamba bahasha, akaibandika, akaigonga kwa ngumi, akamkabidhi Mwas.

"Ruiru," akasema. "Na usipitie popote."