Mama wa Jumatano

Marlys Heikkila na Garrett Lindahl waliachana bila ugomvi wa kusikika kwa jirani. Hapakuwa na mwanamke wa pembeni, wala chupa, wala kofi. Marlys alikuwa dereva wa lori la kusukuma theluji katika mji wetu, kaskazini mwa jiji la Duluth, ukingoni mwa ziwa kubwa. Garrett alikuwa mwalimu wa hesabu. Miaka ilikwenda hivyo, mmoja anaingia kitandani, mwenzake anafunga viatu, mpaka wakawa kama wapangaji wawili wanaochangia jiko. Jioni moja ya mwisho wa kiangazi, Garrett alisema huku akikausha vyombo, "Marlys, nimechoka kuwa mpweke nikiwa na mtu."

Marlys akafikiri kidogo. "Na mimi hivyo hivyo," akasema. Wakamaliza vyombo.

Walikuwa na mtoto mmoja, Signe, wa miaka tisa.

Garrett alibaki kwenye nyumba, iliyokuwa karibu na shule. Marlys akapanga vyumba viwili juu ya duka la mashine za kufulia nguo, mahali penye joto na harufu ya sabuni mchana kutwa. Walikaa mbele ya mpatanishi wakagawana kila kitu bila sauti kupanda: gari, mbwa, hata mtumbwi. Walikwama kwenye jambo moja tu, siku za mtoto. Marlys alitaka nusu kwa nusu, wiki kwake, wiki kwa baba.

"Si kwamba nakunyima," Garrett alisema. "Theluji ikianguka usiku, wewe unaitwa. Signe anabaki na nani?"

"Nitapata mtu."

"Mtu gani?"

"Nimesema nitapata, Garrett. Usinifundishe kama watoto wako wa darasani."

Mpatanishi akafunga kalamu yake. Jambo likaenda mahakamani.

Marlys aliamini kwamba huko kwenda kwao kulikuwa kwenda kupima mapenzi. Alikusanya picha: yeye na Signe wakiteleza kwenye barafu, yeye na Signe wakila supu ya kuku na mchele mwitu unaoota ziwani, Signe akiwa mchanga kifuani pake. Wakili wake, Bi. Duquette, alizitazama moja moja kwa adabu, kisha akazirudisha ndani ya bahasha.

"Dada, jaji hatakuuliza unampenda kiasi gani," alisema. "Kila mzazi anayefika pale anapenda. Atakuuliza nani anampeleka mtoto kwa daktari wa meno."

Mahakama ilimteua mama mmoja aangalie maslahi ya mtoto. Mama huyo alitembelea nyumba zote mbili. Alifungua friji, akakaa juu ya kitanda cha Signe, akauliza majina ya rafiki zake. Marlys aliyajua yote. Akajua na namba ya viatu, na kwamba mtoto hali njegere zikiwa zimegusana na viazi. Kisha yule mama akaomba kuzungumza na Signe peke yake, na Marlys akashuka chini akakaa mbele ya mashine ya kukaushia, akitazama shuka za mtu asiyemjua zikizunguka. Hakuwahi kumuuliza mwanawe alichosema siku ile.

Siku ya kesi ilikuwa siku kavu ya baridi, mbingu safi. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua. Garrett aliulizwa maswali yake, akajibu. Ndiye aliyempeleka mtoto shule. Ndiye aliyekuwa nyumbani saa kumi jioni. Ndiye aliyekwenda vikao vya wazazi. Ndiyo, hata walipokuwa wanaishi pamoja. Marlys alisikiliza akaona hakuna neno la uongo.

Zamu yake ilipofika, jaji mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Bi. Heikkila, theluji ikianguka usiku na mtoto yuko kwako, nani anabaki naye?"

Bi. Duquette alikuwa amemfundisha jibu: yuko jirani, mama mtu mzima, ameahidi. Na kweli jirani alikuwepo. Lakini aliahidi nusunusu, kwa kuwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga na ngazi zilimshinda.

"Jirani yangu," Marlys akasema. "Na siku ambayo hawezi, ninakwenda naye."

"Unakwenda naye wapi?"

"Ndani ya lori."

Wakili wake akainamisha kichwa.

"Mara mbili tu, Mheshimiwa. Nilimfunga mkanda, nikamfunika blanketi. Alilala muda wote. Mimi naijua ile barabara kuliko ninavyoujua mkono wangu."

"Sina shaka unaijua," jaji akasema, bila ukali. Akapenga kamasi. Kisha akamgeukia Garrett. "Na wewe, mtoto akiishi kwako siku za shule, utamruhusu mama yake awe mama?"

"Ndiyo," Garrett akasema. "Simchukulii mtoto mama yake. Theluji ikianza tu, Signe haondoki dirishani, anatafuta lori lake."

Uamuzi ulitolewa baadaye mchana ule. Jaji alisema sheria haimpi mzazi anayependa zaidi mtoto kama zawadi, wala haimwadhibu anayefanya kazi usiku. Inauliza mtoto amezoea nini, nani amekuwa akimshughulikia siku hadi siku, wazazi wanaweza kusikilizana au la, na kazi zao zinaacha nafasi gani. Matakwa ya mtoto ameyasikia na ameyapa uzito wake, lakini mtoto wa miaka tisa habebeshwi mzigo wa kuchagua. Kwa hiyo siku za shule Signe angeishi kwa baba. Kwa mama angekwenda kila Jumatano jioni, na mwisho wa wiki, kila baada ya wiki mbili. Kiangazi, barabara zikiwa hazina theluji, mambo yangepinduka: angeishi kwa mama, na baba ndiye angekuwa mtu wa Jumatano.

"Mambo yakibadilika, mlango huu uko wazi," jaji akamalizia.

Marlys alisema asante. Alipofika kwenye gari hakukumbuka funguo ziko mkono gani.

Watu wa mji wetu ni wema, lakini ni wachache, na wachache wana macho makali. Baba akikosa kupewa mtoto siku za shule, hakuna anayeuliza. Mama akikosa, watu hutafuta sababu. Dukani, kwenye foleni ya kulipia, Marlys aliwasikia wanawake wawili nyuma yake.

"Ndiye huyo, mama wa Jumatano."

"Shii. Lakini si bure. Mahakama haimnyimi mama hivihivi."

Hakugeuka. Alilipia maziwa yake akatoka.

Jumatano zenyewe zilikuwa fupi. Signe alikuja amechoka, akafungua daftari la hesabu juu ya meza, na swali likiwa gumu aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa kuudhi, "Mama, naweza kumpigia baba?" Marlys alimpa simu. Saa moja na nusu walishuka ngazi. Baada ya hapo nyumba ilibaki na mngurumo wa mashine za chini, na sahani mbili kwenye beseni. Mwanzoni aliosha zote usiku uleule. Baadaye akawa anaiacha ya Signe mpaka asubuhi.

Mwezi wa kumi na mbili alimwendea msimamizi wao kwenye gereji akaomba kubadilishana njia na Ervin Maki, dereva mwenzake mwenye tumbo kubwa na mdomo mrefu. Njia ya Ervin ilipita mitaa ya karibu na shule.

"Wewe una barabara kuu, iliyonyooka, hakuna gari la mtu la kukwepa," Ervin alisema. "Unataka mitaa yangu ya nini? Masanduku ya barua ya pembeni mwa barabara nimeshayagonga yote, hujaachiwa hata moja."

"Nataka tu."

Ervin akamtazama, utani ukamtoka. "Chukua, dada. Chukua."

Basi kila theluji ilipoanguka, saa kumi na moja alfajiri, lori la Marlys lilipita mbele ya nyumba iliyokuwa yake. Alfajiri ya pili taa ya chumba cha Signe iliwaka. Mtoto alisimama dirishani na nguo za kulalia, mkono juu. Marlys akawasha na kuzima taa za mbele. Hawakupanga, ilitokea, ikawa desturi. Theluji ya mwaka ule ilikuwa nyingi. Watu walinung'unika, migongo ikawauma kwa koleo, na Marlys peke yake alitazama utabiri wa hali ya hewa kama mtu anayesubiri mgeni.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza Garrett alikuja gereji. Alisimama karibu na lundo la chumvi ya kumwaga barabarani, kofia mkononi, mpaka Marlys akashuka.

"Sikutaka kukuambia kwa simu," alisema. "Signe analala darasani. Mwalimu wake ameniita. Anaamka saa kumi kila siku, theluji iwepo isiwepo. Anakaa dirishani anasubiri. Nimemkuta amelala sakafuni, amejikunyata, miguu baridi kama samaki."

Marlys akapigiza mlango wa lori.

"Jaji alikupa wiki nzima. Sasa unataka na dirisha?"

"Sijaja kutaka kitu."

"Umekuja kufanya nini basi?"

"Nimekuja kukuambia, kwa sababu wewe ni mama yake. Sijakwenda kwa wakili. Sijamwambia yule mama wa mahakama. Nimekuja kwako." Akavaa kofia yake. "Ukiendelea kupita sitakushtaki. Nitaongeza blanketi."

Akaenda zake. Marlys alipanda ndani ya lori akakaa bila kuwasha injini. Alitaka sana Garrett awe mbaya. Ingekuwa rahisi. Alikaa mpaka kioo kikafunga ukungu wa pumzi zake, halafu akashuka akamtafuta Ervin.

"Chukua tena mitaa yako," alisema.

"Umegonga sanduku la nani?"

"La kwangu," akasema.

Jumatano iliyofuata Signe hakufungua daftari. Alikaa na koti lake mwilini.

"Mama, umeacha kupita. Amekuja yule mzee mnene."

"Ndiyo. Nimeomba kurudi barabara kuu."

"Baba amekukataza?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Marlys aliiona.

"Hapana. Nimekataa mwenyewe. Ulikuwa hulali, mwanangu."

"Nilikuwa silali kwa sababu nilitaka kukuona."

"Najua."

"Basi si ungeendelea tu?"

Marlys akanyoosha mkono amvue koti. Signe alilia kwa hasira, akakataa chakula, akakataa kushikwa. Jioni ile alishuka ngazi peke yake, mbele, bila kugeuka. Walipata Jumatano tatu za namna hiyo. Ya nne alifungua daftari.

Barafu ya ziwa ilivunjika mwezi wa nne ukielekea ukingoni. Shule ilifungwa mwanzoni mwa wa sita, na Garrett akamleta Signe na masanduku yake, na mto wake wa kulalia, na mbwa kwa kuongezea. Marlys alikuwa amepaka chumba rangi, amenunua stroberi, amepanga safari za kuokota mawe ufukweni na za kuogelea. Mchana ulikwenda vizuri. Jua lilikataa kuzama, kama kawaida ya majira yale. Lakini kitandani Signe aligeuka ukutani akaanza kulia, kilio cha chini cha mtu anayejizuia.

"Nini, mpenzi?"

"Baba yuko peke yake. Hata mbwa hana."

Marlys alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amesubiri siku hii majira yote ya baridi. Akachukua simu, akapiga, Garrett akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Kuna nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Anataka kukusikia. Umekula?"

"Bado."

"Garrett, kula kitu."

"Nitakula. Nimekaa tu hapa jikoni."

Alilijua jiko hilo, kiti anachokalia, na jinsi friji yake inavyotetemeka kisha kunyamaza. Akampa Signe simu, akatoka, akavuta mlango nyuma yake, asije mtoto akapima maneno kwa ajili yake. Alikaa kwenye ngazi. Duka la chini lilikuwa limefungwa, mashine zote zimezimwa. Kupitia mlango alimsikia mwanawe akieleza, taratibu, kwa sauti ya mtu mzima, rangi ya chumba chake kipya.